Magoti ya Mhandisi Semgaya

Mtu wa kwanza kuumizwa katika uchaguzi mkuu wa Jamhuri ya Sikizana aliumizwa kwa sababu ya tabasamu, tena si tabasamu lake. Alikuwa fundi rangi wa mji wa Kidundwe, jina lake Lukindo. Asubuhi moja, akiwa kwenye banda la supu, alisema kwamba Jenerali mstaafu Dakta Ngurumo Kisiki anapotabasamu, mtu anajikuta ameshampa kura kabla hajajua mwenyewe anataka nini. Hakusema zaidi ya hapo. Jirani yake wa benchi aliinua bakuli, akamaliza supu ili isimwagike, kisha akampasua nalo kichwa.

Lukindo hakuwa na haja ya kuulizia njia ya zahanati. Tabibu wa Kidundwe alikuwa mkewe, Bi Mkanza, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, aliyekuwa amewashona Wanasikizana kwa miaka kumi na tisa. Alimkalisha mumewe kwenye kiti, akamnyoa kipande cha kichwa, akamtia nyuzi tisa huku akimuuliza kisa. Lukindo akaeleza kwamba jirani aliona ni aibu kwa mtu wa Wima kusifu meno ya mtu wa Goti.

Maana nchi ile ilikuwa na dini mbili. Zote zilikuwa na Mungu mmoja, kitabu kimoja, nyimbo zile zile, na zilifunga siku zile zile. Tofauti ni kwamba Wagoti walisali wakiwa wamepiga magoti na Wawima walisali wakiwa wamesimama. Jinsi mambo yalivyoanza, kila upande ulikuwa na historia yake, na katika historia zote mbili ni mwenzake aliyetangulia kuchomoa kisu. Siku za kawaida watu waliishi pamoja na kuoana. Bi Mkanza alikuwa Mgoti, Lukindo alikuwa Mwima, na kwa miaka kumi na minne walikuwa wakisali katika chumba kimoja, mmoja chini mmoja juu, bila kugongana. Lakini kila baada ya miaka mitano, rais alipotakiwa kuchaguliwa, magari yenye vipaza sauti yalipita mitaani kuwakumbusha wananchi kwamba wanachukiana.

Ili kuepusha fujo, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Haiba na Imani, iliyompa kila mgombea alama mia moja za kugombania. Hamsini zilikuwa za imani. Arobaini zilikuwa za haiba, yaani urefu, sauti, tabasamu, kucheza ngoma, na uwezo wa kulia mbele ya watu bila kutumia kitunguu. Kumi zilizobaki ziliitwa mengineyo, na humo ndimo yalimowekwa maji, shule, dawa, barabara, bei ya unga na akili. Sheria ilisema kwamba muda ukiwa mfupi mengineyo yanaweza kuachwa. Katika chaguzi saba zilizopita, muda ulikuwa mfupi.

Lukindo, sindano ikiingia na kutoka, alimhakikishia mkewe kwamba yeye hana neno na dini ya mtu. Ila huyo Mhandisi Taratibu Semgaya, mgombea wa Wawima wenzake, anasoma hotuba kwenye karatasi, hanyanyui uso, na hotuba zote ni za mabomba. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa rais hata akisimama kusali mpaka miguu ivimbe. Bi Mkanza alimwambia anyamaze, asije akachanika upya.

*

Wiki hiyo hiyo ililetwa barua kutoka Tume ya Uchaguzi ikimteua Bi Mkanza kuwa Mkaguzi Mkuu wa Magoti ya Wagombea. Ilieleza kwamba katika miaka ya nyuma wagombea walikuwa wakidanganya kuhusu imani yao, na kwamba rais mmoja, baada ya kutawala miaka sita, aligundulika kuwa alikuwa akisali ameketi. Kwa hiyo sasa magoti yangekaguliwa kitaalamu. Yeye alichaguliwa kwa kuwa ni Mgoti aliyeolewa na Mwima, na hivyo pande zote mbili zina sababu sawa ya kumshuku. Tume iliiita hali hiyo kutoegemea upande wowote.

Hakuwa na njia ya kukataa, kwa sababu barua ililetwa na askari wanne, na mmoja wao alikuwa ameketi juu ya kabati lake la dawa.

Uzinduzi wa ukaguzi ulifanyika uwanja wa michezo wa mji mkuu. Mwenyekiti wa Tume, Jaji Mizani Pande, mzee mfupi aliyevaa nywele za bandia zilizomfika kiunoni, alihutubia kwa saa moja na nusu.

“Goti ni ushahidi,” alisema. “Mdomo unaweza kudanganya. Moyo hauonekani. Akili bado hatujapata kipimo chake. Lakini goti, ndugu wananchi, limekaa hapo nje, mbele ya mguu, linasema kweli mchana na usiku.”

Watu walipiga makofi. Nyuma ya jukwaa askari walikuwa wakimpiga mtu aliyeuliza habari za bei ya unga. Makofi yalipoanza waliacha kidogo, nao wakapiga makofi, kisha wakaendelea naye mpaka alipoacha kujikinga.

*

Ukaguzi ulifanyika ndani ya hema. Kisiki ndiye aliyetangulia. Alikuwa mrefu, kifua wazi kama mlango wa ghala, na alipoingia hata viti vilionekana kutaka kusimama. Alimwamkia Bi Mkanza kwa jina, akamuuliza mguu wa mama yake unaendeleaje, naye Bi Mkanza akajikuta anatabasamu kabla hajakumbuka kwamba mama yake alikufa miaka minane iliyopita, wala hakuwahi kuumwa mguu. Hapo alimwelewa mumewe.

Kisiki alikunja suruali. Magoti yake yalikuwa laini, meupe kidogo, kama ya mtoto aliyezaliwa juzi. Bi Mkanza aliyapapasa, akayageuza kwenye mwanga, hakuona hata mkwaruzo. Mgombea wa Wagoti wote wa Sikizana hakuwahi kupiga goti maishani mwake. Mwenyewe wala hakujaribu kuficha.

“Mama tabibu, unaona mwenyewe,” alisema. “Nikipiga goti watu hawanioni vizuri. Wao wananipenda nikiwa nimenyooka.”

Akacheka, kicheko kizuri kiasi kwamba askari waliokuwa nje nao wakacheka bila kujua wanachekea nini. Msaidizi wake aliweka mezani kopo la rangi ya viatu, ya kahawia, akasema si amri, ni wazo tu. Bi Mkanza alilifunika akamrudishia.

Mhandisi Semgaya alipoingia aligonga kichwa kwenye nguzo ya hema, akaiomba radhi. Alikuwa mwembamba, shati lake lina kalamu tatu mfukoni, na alikunja suruali polepole, kwa aibu, kama mtu anayevua nguo mbele ya shemeji. Bi Mkanza alishtuka. Magoti yalikuwa meusi, mazito, yamepasuka kama gamba la mti. Aliyabonyeza kwa kidole, kisha akayachoma kidogo kwa sindano. Mwenye magoti hakusikia kitu.

Semgaya aliona macho yake. Alimweleza kwamba hajawahi kusali kwa magoti hata siku moja, baba yake angemlaani. Miaka thelathini na moja amekuwa akilaza mabomba ya maji chini ya ardhi, na bomba halilazwi na mtu aliyesimama. Kisha, akiwa bado amekunja suruali, akamuuliza kama zahanati yake inapata maji.

Bi Mkanza alimwambia kwamba bomba lilitoa maji mara ya mwisho uchaguzi uliopita, tena wiki moja. Semgaya akatoa daftari, akaandika, akauliza upana wa bomba linaloingia pale. Bi Mkanza hakuujua. Kwa miaka kumi na tisa watu walikuwa wamemuuliza dini yake, kabila lake, anampenda nani kati ya fulani na fulani. Hilo hakuna aliyepata kumuuliza. Mhandisi alimwambia asijali, atapita mwenyewe kulipima siku atakapokuja Kidundwe kwa mkutano.

*

Bi Mkanza aliandika ripoti yake kwa mistari miwili. Kisiki hana sugu, hajapata kupiga goti. Semgaya ana sugu za kazi.

Jaji Mizani Pande aliisoma, akaisoma tena, akamwita ofisini. Kwa upole mkubwa alimweleza kwamba neno kazi liko chini ya mengineyo, na hii ni ripoti ya imani, hivyo analikata. Akalikata kwa rula, mstari ulionyooka vizuri. Kuhusu Kisiki, alisema, tabibu ameandika vibaya tu Kiswahili chake, na Tume itamsaidia lugha. Bi Mkanza alisema hatatia saini. Jaji alimshukuru kwa msimamo huo, akamwonyesha kwamba fomu ina nafasi maalumu ya kukataa, pale chini, na kwamba anayekataa anatakiwa kutia saini kuthibitisha kwamba amekataa. Askari aliyesimama nyuma ya kiti alimwekea mkono shingoni, wala hakubana. Akatia saini ya kukataa.

Mchana wa siku iliyofuata redio ilitangaza kwamba, kwa mujibu wa ripoti iliyotiwa saini na mtaalamu, Mheshimiwa Kisiki hupiga magoti kwa unyenyekevu mkubwa kiasi cha kutoacha alama. Na kwamba Mhandisi Semgaya ana sugu nene katika magoti yote mawili. Hapakuwa na maelezo zaidi. Ulifuata wimbo.

Wagoti walilia kwa furaha, wakikumbatiana, wakisema hawajapata kumsikia mtu wa Mungu kama yule. Upande wa Wawima, mwuza vitunguu mmoja sokoni aliuliza, kama anayejisemea, kumbe huyu mtu wetu amekuwa akipiga magoti kwa siri miaka yote hii. Swali hilo lilizunguka soko lote, na liliporudi kwa mwuza vitunguu lilikuwa limeshashika panga.

*

Saa nane mchana vizuizi viliwekwa. Wawima waliweka chao darajani, Wagoti wakaweka chao kwenye kituo cha mafuta, na kwa kuwa mji una barabara moja, hakuna aliyeweza kwenda popote bila kupita penye kimoja au vyote viwili. Kote huko mtu aliamriwa apandishe nguo mpaka magotini. Darajani, mwenye sugu alipigwa kwa kuwa ni Mgoti. Kituoni, asiye na sugu alipigwa kwa kuwa ni Mwima. Hivyo wanawake waliopalilia mashamba, waashi na wapiga deki wote walikuwa Wagoti kwa hukumu ya daraja, na walimu, washonaji na makarani wote walikuwa Wawima kwa hukumu ya kituo, hata wale waliokuwa viongozi wa sala upande wa pili.

Fundi mmoja wa vigae alivunjwa goti darajani. Ndugu zake walimfunga kitambaa wakambeba kumpeleka zahanati kupitia kituoni. Pale walinzi wa kizuizi walikifungua kitambaa, wakakuta ngozi haipo tena ya kusomwa, wakampiga kwa kosa la kuficha ushahidi. Alifika kwa Bi Mkanza akiwa ameshakata roho. Kuna waliojisugua magoti kwa jiwe mpaka damu ili yawe laini, na kuna waliopiga magoti kwenye kokoto ili yaote sugu, kila mmoja akijitengenezea magoti ya njia atakayopita. Nyumba ya sala ya Wagoti ilichomwa na mfagiaji wake akiwa ndani. Haikupita saa moja, ya Wawima nayo ikachomwa, na kwa kuwa mfagiaji wake alikuwa amekimbia, walimtafuta mpaka wakampata ili hesabu ziwe sawa.

Bi Mkanza alishona mpaka uzi ukaisha, akaendelea kwa uzi wa kushonea magunia. Kila aliyelala mezani alimtazama kwa hofu, akijaribu kuyafunika magoti yake kwa mikono.

Mhandisi Semgaya alikuwa ameingia Kidundwe siku hiyo hiyo, kabla ya vizuizi kuwekwa. Watu wake walimsihi aahirishe mkutano. Alisema ameahidi kupima bomba. Alipanda jukwaani, akakunjua karatasi, akasoma mistari mitatu kuhusu nguvu ya maji kwenye miinuko. Mtu akapaza sauti akimtaka apandishe suruali. Semgaya aliweka karatasi chini, akaweka kalamu juu yake isipeperushwe, akakunja suruali mwenyewe, mguu mmoja, kisha wa pili, vizuri, bila makunyanzi, akaanza kueleza kwamba hizi ni sugu za kazi. Kipaza sauti kilikuwa kizima. Kila mtu alimsikia.

Jiwe la kwanza lilitoka mstari wa mbele, kwenye viti vya wazee wa dhehebu lake. Walimshusha jukwaani kwa kumvuta miguu, kichwa kikigonga kila ngazi, wakampiga kwa muda wa kama nusu saa, wakipokezana, maana walikuwa wengi na kila mmoja alitaka afikiwe na zamu.

*

Aliletwa zahanati juu ya mlango uliong'olewa, mbele ameshika dereva wake, nyuma ameshika mkewe, Bi Ruhama, mwanamke mrefu asiyelia. Mbavu zilikuwa zimeingia ndani. Goti la kushoto lilikuwa limefunguka mpaka mfupa mweupe. Bi Mkanza alitaka kumwosha, akafungua bomba kwa mazoea, likakohoa hewa. Kisima kilikuwa ng'ambo ya daraja. Akachukua chupa ya chai ya rangi aliyokuja nayo asubuhi, akamwosha majeraha kwa chai.

Semgaya alifungua jicho moja. Mkono wake ulikuwa ukihangaika kuelekea mfuko wa shati. Bi Mkanza alitoa daftari humo, akadhani anataka kuacha wosia, akamsogezea Bi Ruhama. Mgonjwa akatikisa kichwa. Alimtaka tabibu.

“Inchi mbili,” alisema. “Nimelipima nilipokuwa napita. Ni jembamba mno.”

Bi Mkanza aliandika. Alipoinua uso kumuuliza kama ameandika sawa, alikuwa ameshakufa.

Jioni, kabla ya jua kuzama, Lukindo alikuja zahanati shati limejaa damu. Bi Mkanza alidhani nyuzi zimefumuka, akamkimbilia, akamshika kichwa. Nyuzi zote tisa zilikuwa mahali pake. Akamuuliza hii damu imetoka wapi. Lukindo alijibu kwa kuzunguka. Alikwenda kuangalia tu. Watu wote walikuwa wanakwenda. Huyo mtu hakumtaka hata tangu mwanzo, kura yake ilikuwa ya Kisiki, haikumhusu. Lakini alipomwona amesimama pale na suruali imekunjwa, magoti meusi nje, kitu kilimpanda, akahisi ametukanwa yeye, na baba yake, na babu yake.

“Lakini sikumpiga sana,” alisema.

Bi Mkanza alitoa mikono kichwani kwa mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama jeraha asilojua litaanzwa kushonwa wapi, kisha akamwambia kesho kuna kaburi la kuchimba.

*

Katika Sikizana, Wawima huzika maiti wao wakiwa wamesimama, kwenye mashimo membamba yaendayo chini sana, na Wagoti huzika wao wakiwa wamepiga magoti, kwenye mashimo ya mviringo. Asubuhi wazee wa Wima walisema hawawezi kumpokea mtu mwenye magoti yale. Wazee wa Goti walisema hawawezi kumpokea mtu ambaye hakupiga hata goti moja kwa ajili ya Mungu. Tume ilipoulizwa ilijibu kwa barua kwamba mazishi ya mgombea ambaye imani yake haijathibitishwa ni sehemu ya mengineyo.

Bi Ruhama alisikiliza majibu yote matatu bila kubadilika uso.

“Maisha yake yote alikuwa ama amesimama, ama amepiga magoti,” alisema. “Mlazeni.”

Kaburi lilichimbwa nyuma ya zahanati, kando ya ukuta, refu kama kitanda. Hakuna Mwanasikizana aliyewahi kuona kaburi la namna ile, na watu walijazana kwenye ua kulicheka. Lukindo alichimba peke yake tangu alfajiri, bendeji kichwani, kwa jembe alilotoka nalo nyumbani. Mkewe alimletea chakula, akakiweka chini, akaondoka.

Adhuhuri, wakati mwili unateremshwa, redio ya mtu mmoja pale uani ilitangaza matokeo. Kisiki alikuwa ameshinda kwa alama tisini. Alama kumi za mengineyo hazikutolewa, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi. Rais mteule alisikika akimlilia ndugu yake Semgaya, kwikwi ndefu, nzuri, na watu kwenye ua wakaanza kujipangusa macho, wakiambiana mnaona, moyo wa mtu huyu.

Bi Mkanza alimshika mumewe mkono wa shati, akamvuta mpaka mbele ya Bi Ruhama, akamwambia amweleze aliyomweleza yeye. Lukindo alieleza, macho kwenye udongo, jembe limesimama mkononi mwake. Hakuruka kitu. Alisema hata lile la kwamba hakumpiga sana.

Bi Ruhama alimwacha amalize.

“Ulimpiga kwa nini?” akauliza.

Lukindo alifikiri, kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza anataka kujibu sawasawa.

“Kwa mpini wa jembe hili,” alisema.

Bi Ruhama alinyoosha mkono, akalichukua lile jembe, akaanza kufukia.